Laptopu Nzito za Gemu Badala ya Kompyuta ya Mezani: Lini Ununue, Lini Uachane Nazo

Laptopu hizi hujulikana begani kabla ya kujulikana mezani. Skrini ni ya inchi 16 hadi 18, mwili una kilo 2.7 hadi karibu 4, na chaja ya wati 280, 330 au hata 400 ni tofali linaloongeza kilo nyingine moja hivi kwenye begi. MSI Titan 18 HX, ASUS ROG Strix SCAR 18, Alienware m18, Lenovo Legion Pro 7i, Acer Predator Helios 18 na Razer Blade 18 zote ni za ukoo huo. Wauzaji wanakuahidi nguvu ya kompyuta ya mezani ndani ya begi.

Ahadi hiyo ni ya kweli nusu. Laptopu hizi zinafaa pale mashine ileile inapolazimika kufanya kazi nzito sehemu mbili au zaidi, na kuhamahama huko kukawa ndiyo kawaida yako. Mwanafunzi aliye hosteli muhula mzima na nyumbani wakati wa likizo, mhariri wa video anayemaliza kazi kwa mteja, mtu wa mgodini au wa mkataba wa miezi sita Doha: hao wana sababu. Mwenye chumba kimoja na meza moja atalipa zaidi apate kidogo. Kama hujui uko upande gani, anza na hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu safari zako

Chukua karatasi, rudi nyuma miezi mitatu, uandike ni mara ngapi ungeibeba mashine hiyo na kwenda kuifanyisha kazi nzito ulikokwenda. Kusoma barua pepe na kuandika ripoti havihesabiwi, maana laptopu yoyote ya bei nafuu inavimudu. Ukipata chini ya mara mbili kwa mwezi, kanunue kompyuta ya mezani. Ukipata kila wiki, endelea bila wasiwasi. Walio katikati wasome hatua ya tatu na ya nne kabla ya kuamua.

Katika hesabu hiyo usiweke kucheza kwenye betri. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kuingia na betri ya hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, ndiyo maana karibu laptopu zote kubwa zina betri ya wati-saa 90 hadi 99.9. Mashine inayokula wati 250 ingeimaliza betri hiyo chini ya nusu saa, kwa hiyo ukichomoa chaja inajibana yenyewe: kadi ya michoro (sehemu inayochora picha za gemu) inashushwa hadi sehemu ndogo ya nguvu yake na fremu, yaani picha kwa sekunde, zinaporomoka. Hata ikijibana hivyo, saa moja ya gemu nzito ni bahati. Popote uendapo, tafuta soketi kwanza.

Hatua ya 2: Soma wati, achana na jina

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa zao. Jina la kadi ya michoro kwenye laptopu si jina la kitu kilekile kilicho kwenye kompyuta ya mezani. Kadi ya Nvidia ya RTX 4090 ya mezani imejengwa kwa chipu ya AD102, ina viini (vitengo vya kukokotoa) 16,384, kumbukumbu ya GB 24, na hula hadi wati 450. RTX 4090 ya laptopu imejengwa kwa chipu ndogo zaidi, AD103, yenye viini 9,728 na GB 16, na haivuki wati 175. Kizazi kilichofuata, kilichotoka mwaka 2025, kina mwanya uleule: RTX 5090 ya mezani ina viini 21,760, GB 32 na wati 575, ilhali ya laptopu ina viini 10,496, GB 24, na wati zilezile 175. Kwa nguvu, hiyo 5090 ya laptopu ilinganishe na RTX 5070 Ti ya mezani, na mara nyingi itabaki nyuma yake kidogo.

Halafu kuna mwanya wa pili, ambao haujaandikwa kwenye boksi. Mtengenezaji wa laptopu huchagua mwenyewe ni wati ngapi ataipa kadi. RTX 4090 ya laptopu inaweza kupangiwa wati 80 hadi 150, na juu yake nyongeza ya hadi 25 inayoazimwa kutoka kwa prosesa. Laptopu nyembamba yenye 4090 ya wati 90 inaweza kushindwa na laptopu nene yenye 4080 ya wati 175, na hiyo ya kwanza ndiyo iliyouzwa ghali. Kama mashine iko mbele yako, fungua Nvidia Control Panel, nenda Help, kisha System Information, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Namba iliyo pale ndiyo unayoinunua. Kama unanunua kwa picha na maelezo, mwambie muuzaji akutumie picha ya ukurasa huo. Akianza kukuzungusha, tafuta mwingine.

Wati nyingi nazo hazina faida kila mahali. RTX 4060 ya laptopu ikishafika wati 100 hivi haiongezi kitu cha maana, kwa sababu volteji yake imeshafika ukomo. 4070 ya laptopu nayo huchoka mapema, karibu na wati 110. Kwa hiyo tangazo linalojisifu kwa 4060 ya wati 140 linakuuzia namba tupu. Wati zinaanza kuleta faida kuanzia 4080 na 4090, au 5070 Ti kwenda juu.

Angalia na kumbukumbu ya kadi. 4060, 4070 na 5070 za laptopu zote zina GB 8. Kwa gemu za sasa kwenye skrini ya 2560 kwa 1600, GB 8 zinajaa haraka, na zikijaa picha hukwama kwa vipindi hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Kwa mashine utakayokaa nayo miaka minne, na ambayo kadi yake haitolewi, usishuke chini ya GB 12. Hapo unabaki na 4080, 4090, 5070 Ti, 5080 na 5090. Kwa maoni yetu 5070 Ti ya wati 140, au 4080 ya mtumba iliyo katika hali nzuri, ndiyo mahali pa kusimama. Ukipanda zaidi ya hapo, kila fremu moja ya ziada inakugharimu sana.

Kuhusu prosesa, usimfukuzie Core i9. Core i7-14700HX au Ryzen 7 ya daraja la HX (prosesa za laptopu zenye nguvu) inatosha gemu zote. i9 ya HX ina viini 24 na inaweza kurukia wati 157 kwa muda mfupi, na mabomba ya kutoa joto ni yaleyale yanayoihudumia kadi ya michoro. Anayezihitaji viini hivyo ni yule anayetengeneza video, picha za 3D au anayekusanya programu kubwa. Mchezaji wa EA FC, gemu ya mpira, anajinunulia pasi ya kunyooshea nguo.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mifuko miwili

Weka bei ya laptopu upande mmoja. Upande wa pili weka kompyuta ya mezani yenye nguvu sawa, pamoja na laptopu ndogo ya kubeba. Tuchukue bei za kuanzia zilizotangazwa na Nvidia mwaka 2025: laptopu zenye RTX 5090 kuanzia dola 2,899, zenye 5080 kuanzia 2,199, zenye 5070 Ti kuanzia 1,599. Kadi ya mezani ya 5070 Ti, ile inayolingana na 5090 ya laptopu, ilitangazwa kwa dola 749. Ukitoa 749 kwenye 2,899 unabaki na dola 2,150 za prosesa, ubao mama, RAM, SSD, pawasaplai ya wati 750, kasha na skrini, na chenji inaweza kutosha ThinkPad iliyotumika ya kwenda nayo ofisini. Bei za dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, zitakuwa juu zaidi kwa pande zote mbili, kwa sababu ya usafiri na kodi, lakini mwanya unabaki.

Mfuko wa pili una faida nyingine, nayo ni mwaka wa nne. Kompyuta ya mezani utaibadilishia kadi na kuacha mengine yote kama yalivyo. Kwenye laptopu, kadi na prosesa zimechomelewa kwenye ubao. Njia za kukwepa hilo zimejaribiwa: Alienware Area-51m ya mwaka 2019 ilikuwa na prosesa ya mezani kwenye soketi na kadi ya kutoa, ila vipande vya kubadilisha havikuendelea vizazi na vizazi. Leo Framework Laptop 16 ndiyo ya kutajwa, kwa kuwa iliyotoka mwaka 2024 na kadi ya RX 7700S ilipata moduli ya RTX 5070 mwaka 2025. Hiyo hata hivyo ni kadi ya GB 8, wala si mashine ya ukoo huu mzito.

Laptopu nayo ina ya kujitetea. Ndani ya bei yake mna skrini nzuri, kibodi, spika na betri. Na kwenye umeme unaokatika, betri hiyo ni UPS (betri ya akiba) uliyokwisha kuilipia.

Hatua ya 4: Weka joto la kwako kwenye mizani

Vipimo vingi unavyosoma mtandaoni vimefanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 23. Kanuni ya kufanyia kazi ni rahisi: kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja kwenye chipu. Mashine iliyopimwa ikiwa na kadi ya nyuzi 78 kwenye chumba cha nyuzi 21, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, itakuwa karibu 89. Kabla ya kufika hapo itaanza kujipunguzia kasi, kwani kadi nyingi za laptopu hujibana zikikaribia nyuzi 87. Prosesa za Intel za HX hujibana zikifika nyuzi 100 hivi.

Maana yake ni kwamba wa pwani asiye na kiyoyozi anunue laptopu nene yenye nafasi ya joto, au akubali kuiendesha chini ya uwezo wake. Laptopu nyembamba yenye kadi kubwa ni hasara mara mbili kwake.

Nyanda za juu zina jambo lao. Nairobi iko kwenye mita 1,795 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile inayozunguka kwa kasi ileile inabeba joto kidogo zaidi. Ubaridi wa jiji hufidia upungufu huo, ila usishangae feni zikipiga kelele kuliko ulivyosikia kwenye video za wapimaji.

Vumbi na chumvi ndivyo vinavyoua. Chumvi ya hewa ya bahari hula mapezi ya shaba (vibamba vyembamba vya kutolea joto) na viunganishi. Vumbi jekundu, likichanganyika na unyevu, hugeuka kuwa utandu mgumu mbele ya mapezi, ndani kabisa, ambako kipeperushi cha nje hakifiki. Mashine iliyo Dodoma au Nakuru, madirisha yakiwa wazi, ifunguliwe kila baada ya miezi mitatu. Chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi kinaweza kungoja miezi sita.

Hatua ya 5: Panga umeme

Chaja hizi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wa kwetu hauna shida kwao. Shida ni mikupuo. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mpulizo wa kwanza unaweza kuchoma chaja. Tumia kile kifaa cha kulinda friji au TV, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita, au uchomoe mwenyewe mara umeme ukikatika.

Angalia plagi. Chaja ya wati 330 kwa kawaida hutumia waya ule mnene wa kompyuta za mezani, wenye pini tatu. Ukihisi mtekenyo wa umeme ukipitisha kiganja kwenye mfuniko wa chuma, waya wa ardhi haujaunganishwa ukutani, au mtu ameweka adapta ya pini mbili. Mwite fundi umeme. Usizoee mtekenyo huo.

Wanaotumia sola au inveta wahakikishe inveta ni ya wimbi safi (pure sine wave) na ina angalau wati 500. Inveta za wimbi la ngazi huifanya chaja iungurume na kupata joto. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, ambazo nusu yake tu ndiyo ya kutumia usiharibu betri. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, gemu ya wati 250 itakwenda saa mbili hivi. Na kumbuka ruta: laptopu itabaki hai umeme ukikatika, lakini mechi ya mtandaoni itakufa pamoja na ruta. UPS ndogo ya ruta ni bei ya chakula cha jioni cha watu wawili.

Hatua ya 6: Mambo madogo ya kukagua kwenye orodha ya vifaa

RAM iwe vipande viwili, 16 na 16. Wauzaji wengi huacha kimoja cha GB 16, na kimoja hukata njia ya data nusu, fremu zikapungua waziwazi hasa zile za chini kabisa. SSD iwe ya TB 1 na nafasi ya pili iwe wazi, maana gemu moja kubwa siku hizi hula GB 100 hadi 150.

Uliza kama ina swichi ya MUX. Bila swichi hiyo, picha za kadi kubwa hupitia kwanza kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa kabla ya kufika kwenye skrini, na njiani baadhi ya fremu hupotea. Karibu mashine zote kubwa za tangu 2022 zinayo, lakini za nyuma kidogo ukague.

Skrini ya 2560 kwa 1600 inatosha. Skrini ya 4K kwenye inchi 18 inailazimisha kadi kuchora nukta mara mbili zaidi kwa tofauti ambayo macho yataisahau ndani ya wiki.

Mashine zinazotoka Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida, na hizo hazisumbui. Zinazotoka Ujerumani zimebadilishana Z na Y, za Ufaransa na Ubelgiji zimehamisha A na Q. Kubadilisha kibodi ya laptopu kubwa mara nyingi ni kung'oa mwili wote wa juu, na gharama yake ni hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Ijaribu dukani kwa dakika 40

Kwa mashine mpya, kagua namba ya utambulisho ya mashine (serial number) kwenye tovuti ya mtengenezaji uone dhamana ni ya nchi gani. Kwa iliyotumika, nenda na flashi yenye programu za kupimia: HWiNFO64, FurMark, Cinebench R23 na CrystalDiskInfo, zote ukizishusha mapema nyumbani. Muuzaji mkweli atakupa meza na soketi.

1. Ukiwa umezima mashine, fungua na ufunge mfuniko polepole. Bawaba zisilie wala mwili usifunguke pembeni. Weka laptopu kwenye meza ya kioo au tambarare: ikiyumba katikati, betri imevimba. Acha hapo hapo.
2. Iwashe uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F2 au Del. Ikidai nywila isiyojulikana, iache.
3. Ndani ya Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya asilimia 70, toa bei ya betri mpya kwenye mazungumzo.
4. CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo SSD imewaka na asilimia ya afya yake. Mashine "ya miezi mitatu" yenye saa 9,000 imekudanganya, maana saa hizo ni zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa.
5. Washa HWiNFO64 kwenye sehemu ya vipimo, chaja ikiwa imechomekwa na hali ya nguvu ikiwa ya juu kabisa. Endesha Cinebench R23 kwa dakika 10. Prosesa ya HX kugonga nyuzi 95 si kosa. Kosa ni kugonga 100 ndani ya sekunde mbili tatu kisha wati zikaanguka hadi 45 au chini. Hapo pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo) imekauka, au mapezi yameziba, au fundi alifunga vibaya.
6. Endesha FurMark dakika 15. Angalia wati za kadi zinapokaa baada ya dakika ya kumi, na linganisha na ile namba ya hatua ya pili. Kadi ya 150 inayokaa 95 ina tatizo la joto au la chaja.
7. Wakati FurMark inaendelea, angalia asilimia ya betri. Ikishuka sana huku chaja ikiwa ukutani, chaja si yake. Biashara ya kubadilisha chaja ya 330 kwa ya 180 ni ya kawaida mno, na baadhi ya mashine zisipoitambua chaja hujifunga kasi bila kukuambia.
8. Mwisho, jaribu kila kitobo: USB zote, HDMI, LAN, spika, kamera. Bonyeza kila herufi.

Kadi iliyowahi kuchimba sarafu za kidijitali au kufanyiwa ukarabati wa kuchemshwa inaweza kuonyesha mistari au vidoti vya rangi kwenye FurMark ikishapata moto. Dakika mbili hazitoshi kuviona, ndiyo sababu tunasema 15.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Sasisha BIOS na dereva ya kadi. Kwenye programu ya mtengenezaji, weka ukomo wa kuchaji asilimia 80, kwa sababu mashine hii itaishi ukutani na betri inayokaa 100 kwenye joto huvimba mapema. Ondoa ukomo huo siku ya safari tu.

Inua nyuma ya laptopu sentimita mbili hadi tatu. Vipande viwili vya mbao vinafanya kazi, na hata vifuniko vya soda vilivyobandikwa viwili viwili vinasaidia. Hewa huingia kwa chini, na kitanda au kitambaa cha meza huziba njia hiyo. Mara nyingi utapata nyuzi 3 hadi 5 za bure, na feni za nje zenye taa za rangi haziongezi sana juu ya hapo.

Weka ukomo wa fremu. EA FC kwa fremu 60 na gemu ya kufyatua kwa 120 zinachezeka vizuri, na kadi isiyolazimishwa kukimbilia 200 hula wati chache mno. Kwa wa pwani, huu ndio mpangilio wenye faida kuliko yote.

Kama prosesa bado inachemka, nenda kwenye mipango ya nguvu ya Windows na ushushe Maximum processor state kutoka 100 hadi 99. Hilo huzima mruko wa kasi. Joto huanguka kwa nyuzi 10 hadi 20 na gemu nyingi hazitahisi tofauti kubwa, ingawa zile zinazotegemea prosesa zitapungua. Mwenye uzoefu anaweza badala yake kushusha volteji kwa milivolti 50 na kupima, akishusha 10 zaidi kila mara mpaka mashine iyumbe, kisha arudi nyuma 20. Si kila BIOS inaruhusu.

Kusafisha, na fundi wa kumwamini

Zima, chomoa, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine. Pulizia mapezi kutoka nje kwenda ndani ya feni, ukiwa umezuia feni kwa kijiti cha meno. Feni ikizungushwa na upepo hugeuka jenereta na inaweza kuharibu saketi yake. Usitumie kompresa ya gereji ya matairi, maana upepo wake huja na maji na mafuta.

Pesti ya kawaida ibadilishwe baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Lakini uliza kwanza kilichomo. Baadhi ya mashine, za ASUS ROG hasa, zina metali ya maji juu ya prosesa. Metali hiyo hupitisha umeme, na galiamu iliyomo huila aluminiamu. Fundi asiyeijua akiifuta kwa kitambaa akaitapanya kwenye ubao, mashine imekwisha. Badala yake, akiisafisha yote, anaweza kuweka karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, iliyokatwa kwa ukubwa wa chipu. Hiyo huyeyuka ikipata moto, hujaza mianya, na haikauki haraka kama pesti. Mashine za Legion nyingi zimetoka nayo kiwandani.

Katika miaka ya tatu na ya nne, vitu hufa kwa mpangilio unaotabirika: betri, feni moja yenye sauti ya kukwaruza, tundu la chaja lililolegea, bawaba. Feni na betri agiza kwa namba iliyoandikwa kwenye kipande chenyewe, usiagize kwa jina la laptopu, kwani modeli moja inaweza kuwa na feni tofauti kwa kadi tofauti. Betri ikivimba, acha kuchaji, iondoe, na usiitoboe wala kuibana ili mfuniko ufunge.

Tunza boksi, risiti na chaja ya asili tangu siku ya kwanza. Ukitaka kuiuza, iuze kabla kizazi kipya cha kadi hakijafika madukani, na umwonyeshe mnunuzi ukurasa ule wa Maximum Graphics Power kabla hajauliza.